Seli za rangi na joto la pwani: maswali ninayoulizwa Lamu

Mimi ni fundi wa sola hapa Amu, mtaa wa Langoni. Siku moja mwanafunzi aliniletea vipande viwili vya kioo vilivyobanwa pamoja, katikati pana wekundu kama wa juisi, akaniambia hiyo ni sola. Tangu hapo maswali hayajakoma, na mengi ni yale yale. Nimeyaandika hapa ili nisirudie maneno kila jioni barazani. Digrii zote za joto ni za Selsiasi.

Seli ya rangi ni kitu gani hasa?

Ni seli ya jua ambayo kazi ya kunasa mwanga hufanywa na rangi badala ya silikoni ya paneli za kawaida. Huanza na kioo kilichopakwa utando mwembamba unaopitisha umeme. Juu yake hupakwa titani dioksidi, ule unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za ukuta na dawa ya meno, ila huu chembe zake zina upana wa nanomita 20 hivi. Huchomwa kwa digrii 450 hadi 500 mpaka chembe zikashikana kama sponji. Unene wote ni kama mikromita 10, hata unywele ni mnene kuliko hapo. Sponji hiyo hulowekwa kwenye rangi, ikafunikwa kwa kioo cha pili chenye platini kidogo, na nafasi iliyobaki katikati ikajazwa majimaji yenye iodini.

Mwanga ukipiga, rangi hurusha elektroni ikaingia kwenye unga mweupe. Elektroni hutoka nje kwa waya, ikawasha taa, ikarudi kwa upande wa kioo cha pili. Rangi iliyopungukiwa hulipwa deni lake na iodidi, yaani iodini yenye elektroni ya ziada, iliyo kwenye majimaji, na majimaji nayo hulipwa upande wa platini. Yaani kila mmoja anamdai mwenziwe na kila mmoja analipwa, mara maelfu kwa siku.

Wanasayansi Brian O'Regan na Michael Grätzel walichapisha habari za seli hii mwaka 1991 wakiwa Lausanne, Uswisi, na ufanisi wake, yaani sehemu ya mwanga inayogeuka umeme, ulikuwa asilimia 7 na ushei. Ndiyo maana wengine huziita seli za Grätzel.

Jua si ndilo joto? Mbona kitu cha jua kiogope jua?

Aliyeuliza hili ni nahodha wa boti ya Mokowe, na aliuliza kwa kebehi. Lakini swali ni zuri. Seli hula mwanga, haili joto. Mwanga ambao haukugeuka umeme haupotei hivi hivi, hubaki ndani ukawa moto. Paneli yenye ufanisi wa asilimia 10 inaachiwa karibu tisini nyingine, ukiondoa ule mwanga unaorudishwa na kioo. Ndiyo sababu paneli huwa na moto kuliko hewa iliyoizunguka. Mchana wa Machi hapa kwetu, kaskazi inapolegea na upepo ukasimama, hewa inaweza kuwa digrii 32 na paneli juu ya paa ikawa 60 au 65. Ukiilaza moja kwa moja juu ya bati bila nafasi chini yake, hupanda zaidi.

Nimesoma kuwa seli za rangi hazisumbuliwi na joto kama silikoni. Ni kweli au ni maneno ya wauzaji?

Ni kweli, na ndipo watu wanapoteleza.

Paneli ya silikoni hupoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu zake kwa kila digrii inayozidi 25. Paneli ya wati 100 ikifika digrii 65 imezidi kwa digrii 40, basi imepoteza wati 16. Umenunua 100, saa sita mchana unapata 84. Hilo nalieleza kila wiki kwa mtu anayedhani nimemwibia.

Seli ya rangi kati ya digrii 25 na 65 hivi haibadiliki sana. Volti zake nazo hushuka kwa joto, lakini majimaji ya ndani huwa mepesi zaidi, iodini ikasafiri haraka, na faida ya huku ikafidia hasara ya huko. Hiyo ndiyo sifa inayosifiwa, na haina uongo.

Lakini hiyo ni hesabu ya leo mchana. Swali la mnunuzi linafaa liwe la mwaka wa tano. Silikoni inayokupa wati 84 mchana itakupa sehemu kubwa ya hizo miaka ishirini baadaye, kwa kuwa ni jiwe, haina cha kukauka wala kuvuja. Seli ya rangi haijali joto leo, kisha joto hilo hilo linaimaliza kidogo kidogo.

Basi kinachokufa ni nini?

Hapa nitakaa kidogo, maana hakifi kitu kimoja.

Cha kwanza ni majimaji. Seli zilizovunja rekodi za maabara zilitumia sana asetonitrili, kiyeyushi chepesi kinachopitisha iodini upesi. Kinachemka kwa digrii 82. Paneli yenye digrii 65 haijachemka, lakini mvuke wake umeshaanza kusukuma kingo kwa ndani, kama sufuria iliyofunikwa kabla ya kufoka. Usiku hupoa, ukanywea. Kesho tena. Kitu kikisukuma na kuvuta kila siku, mwisho hupata upenyo. Majimaji yakipungua huingia povu, na pale penye povu hakuna umeme.

Cha pili ni ukingo wenyewe, yaani gundi inayoshikanisha vioo viwili. Nyingi za maabara hutumia plastiki inayopigwa pasi ikayeyuka ikagandisha, na plastiki hiyo hulainika kabla ya kufika digrii 100. Kwa paa la Lamu hapo pana nafasi ndogo mno ya kujiringia.

Wazee wa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi, watanielewa upesi hapa. Jahazi ubao wake unaweza kuwa mzima kabisa na bado likaingia maji, kwa sababu kalafati imechoka. Fundi huchukua pamba, akaitia mafuta, akaigongea kwenye mapengo ya mbao kwa patasi, na kazi hiyo hurudiwa kila chombo kinapopandishwa pwani. Seli ya rangi ni hivyo hivyo, ila kalafati yake haigongwi upya. Ikishaachia, ndiyo basi. Mimi nikipewa seli ya rangi siangalii rangi. Naangalia ukingo.

Cha tatu ni rangi. Rangi mashuhuri za seli hizi zina madini ya ruteniamu. Moja yao, inayoitwa N719, hushikilia pembeni mwake vipande viwili vya tayosayaneti. Joto likifika digrii 80 hadi 100, vipande hivyo huanza kubadilishwa na molekuli zilizo kwenye majimaji, na rangi iliyobaki hainasi mwanga kama mwanzo. Jambo la ajabu ni kwamba molekuli moja inayofanya ubaya huo, aina ya piridini, ilitiwa kwa makusudi ili kuongeza volti. Dawa imegeuka sumu. Ukiuliza rangi inatakiwa kuvumilia kiasi gani, hesabu inayotajwa ni kurusha na kupokea elektroni mara milioni 100 kwa miaka 20 ya jua. Katika joto la kawaida, rangi nzuri za ruteniamu zina uwezo huo.

Cha nne ni iodini. Ina tabia mbaya ya kula madini ya fedha, na mistari ya fedha ndiyo hukusanya umeme kwenye paneli kubwa, kwa hiyo lazima ifunikwe vizuri. Vilevile iodini inaweza kupungua polepole ndani ya seli, majimaji yakapauka kutoka kahawia hadi manjano ya kufifia. Ukiona hivyo, seli inaelekea kwao.

Kuna na mwanga wa urujuanimno, ambao si joto lakini hushirikiana nalo. Titani dioksidi ikipigwa na mwanga huo huanza kuunguza kila kitu cha kikaboni kilicho karibu nayo, rangi ikiwemo. Watengenezaji huweka utando wa kuuzuia kwenye kioo cha mbele.

Mtengenezaji anasema seli yake imepita "saa 1000 kwa digrii 85". Ni nyingi?

Saa 1000 ni kama siku 42. Watu hucheka wakisikia hivyo, lakini msicheke haraka. Digrii 85 ni kipimo kile kile paneli za kawaida hupimwa nacho. Zipo namna mbili: joto kavu, na joto pamoja na unyevu wa asilimia 85. Kuna pia kipimo cha kupoza hadi digrii 40 chini ya sifuri na kupasha hadi 85, mara 200. Baridi hiyo haituhusu, lakini kule kupanuka na kunywea kunatuhusu sana.

Jinsi ya kuigeuza namba hiyo iwe ya nyumbani: mafundi wa kemia wana kanuni ya kukadiria kwamba mwendo wa uharibifu huongezeka kama mara mbili kwa kila digrii 10. Paa lako likiwa digrii 65, ni digrii 20 chini ya kipimo, basi uharibifu huenda kwa robo ya kasi. Saa 1000 za maabara zinakuwa saa 4000 za paani. Tuseme paneli yako hukaa kwenye joto hilo saa tano kwa siku. Gawanya: siku 800. Miaka miwili na kidogo.

Hesabu hii ni ya kidole, na kila ubovu una mwendo wake. Gundi haifuati kanuni moja na rangi. Hata hivyo inatosha kukuonya kwamba kupita saa 1000 ni kupewa ruhusa ya kuingia mlangoni. Haimaanishi miaka ishirini. Uliza pia kama ilipimwa gizani au penye mwanga. Seli nyingi zilipita digrii 80 zikiwa gizani, na kipimo cha mwanga kikafanywa kwa digrii 60 tu. Paani kwako joto na mwanga huja pamoja.

Chumvi na unyevu wa bahari je?

Maji ni adui wa seli hii kuliko chumvi. Rangi imeshikamana na unga mweupe kwa mikono midogo ya asidi, na maji yakiingia huiachisha. Chumvi huleta kutu kwenye viungo vya waya na fremu, sawasawa na sola nyingine yoyote. Usiku wa masika, paneli iliyopoa ikinywea, ule ukingo uliochoka huvuta hewa ya pwani ndani. Joto limefungua mlango, unyevu umeingia. Mtu atakayekuuzia kwa kukuonyesha kipimo cha joto kavu peke yake, mwambie Lamu ni kisiwa.

Wataalamu wamekaa tu wakitazama?

La. Wamefanya mengi, na kila tiba imekuja na gharama yake.

Waliacha asetonitrili wakachukua viyeyushi vizito, kimoja kikichemka kwa digrii 165 hivi. Wengine wakatumia chumvi za ajabu ambazo ni majimaji hata kwenye joto la chumbani na karibu hazitoi mvuke kabisa. Zikaacha kusukuma kingo, lakini ni nzito kama asali, iodini haipiti upesi, na ufanisi ukashuka. Hapo ndipo mvutano wote ulipo hadi leo: seli kali ina majimaji mepesi yanayotoroka, seli inayodumu ina majimaji mazito yanayochelewa. Ukiona ufanisi mkubwa gazetini, uliza ndani mna majimaji gani.

Mwaka 2003 kundi la Lausanne lilitoa seli yenye rangi iitwayo Z907, iliyoongezwa mikia mirefu yenye tabia ya mafuta. Maji na mafuta hawapatani, kwa hiyo mikia hiyo huyafukuza maji yasifike kwenye mizizi ya rangi. Majimaji nayo waligandisha yakawa kama jeli. Ilikaa saa 1000 kwa digrii 80 ikapoteza kidogo tu, na ufanisi wake ulikuwa zaidi ya asilimia 6. Kwangu mimi hiyo ni habari kubwa kuliko rekodi nyingi zilizokuja baadaye, ingawa namba yake ni ndogo.

Rekodi nazo zipo. Mwaka 2011 walibadilisha iodini kwa kobalti wakapata asilimia 12.3, na baadaye kwa kuchanganya rangi mbili na majimaji ya shaba wakapita 15. Kwa kingo, wapo waliotupa plastiki wakatumia unga wa kioo unaoyeyushwa, ukingo ukawa kioo kwa kioo. Hiyo ndiyo kalafati ya kweli, ila lazima uchome kabla ya kutia rangi, kisha rangi na majimaji viingizwe kwa tundu. Kazi ngumu na ghali.

Perovskaiti ndiyo hii hii?

Ni mtoto wake. Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake nchini Japani walitia perovskaiti, aina ya fuwele inayonasa mwanga, mahali pa rangi kwenye seli ya namna hii wakapata asilimia 3.8. Mtoto akampita mzazi mbali sana. Ila ugonjwa wa joto na unyevu ameurithi.

Je, naweza kutengeneza mwenyewe kwa tunda la zambarau?

Unaweza, na nawashauri walimu wa sayansi wajaribu. Zambarau ina rangi inayoshika vizuri kwenye titani dioksidi. Rozela nayo inafaa. Hina watu wamejaribu, na gome la mkoko lina rangi ya kutosha, ingawa si kila rangi inayopaka kiganja inarusha elektroni. Utapata umeme wa kusogeza mshale wa mita, pengine kuendesha kikokotoo ukiunganisha kadhaa. Mara nyingi ufanisi haufiki hata asilimia 1.

Ile ya mwanafunzi niliyoitaja mwanzo ilikuwa ya zambarau. Niliiomba nikaipandisha juu ya bati la duka, kwa kiburi cha kutaka kuona. Ilikuwa imebanwa kwa vibanio vya karatasi, haikuwa na gundi. Asubuhi ilikuwa na mshale wa heshima. Adhuhuri mshale ulikuwa umeshuka. Siku ya tatu nilikuta kioo kimepauka, doa la kahawia limetambaa kwenye ukingo, na ndani pamekauka kabisa. Nilimrudishia kijana seli yake na soda moja ya fidia. Lakini nilijifunza zaidi pale batini kuliko katika kila nilichosoma: rangi ilipauka, ndiyo, lakini mshale ulishuka majimaji yalipotoroka.

Nyumba yangu ya Shela ni ya makuti. Nikiziweka huko hazitapata joto kidogo?

Makuti yenyewe hayawi tanuri kama bati, na hewa hupita. Lakini paneli juani ni paneli juani. Kinachosaidia zaidi ni nafasi ya hewa chini yake, kiganja kizima au zaidi, na kuielekeza upepo wa kusi upite nyuma. Sisi tuko karibu na Ikweta, karibu digrii 2 tu kusini, basi mteremko mdogo wa digrii kama 10 unatosha ili mvua ioshe vumbi.

Ila mama, kwa paa lako ningekuuzia silikoni. Nimesema.

Basi seli hizi zinafaa wapi?

Kivulini. Silengi kuchekesha.

Kwenye mwanga hafifu seli ya rangi humshinda mkubwa wake, silikoni. Mwaka 2017 seli yenye majimaji ya shaba ilifikisha asilimia 28.9 chini ya mwanga wa taa wa luksi 1000 (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga), wakati jua kali la nje ni kama luksi laki moja. Hiyo asilimia ni ya mwanga mdogo, kwa hiyo umeme wenyewe ni mdogo, unatosha kipima joto, saa, kengele ya mlango, rimoti. Sweden wamezitengeneza na kuzitia kwenye vipokea sauti vya masikioni. Huko Lausanne kwenyewe, ukumbi wa SwissTech una ukuta wa vioo vya rangi hizi, kama mita za mraba 300, vyekundu, vya kijani na vya machungwa. Umesimama wima, katika nchi yenye theluji.

Sasa fikiri nyumba ya mawe ya Mkomani. Kuta nene, daka lenye kivuli, kiwanda, yaani ua wa ndani, kinachopokea mwanga wa juu mchana kutwa bila jua la moja kwa moja. Joto la humo ni digrii 28 au 30. Kwa ile kanuni ya mara mbili kwa kila digrii 10, seli iliyo kwenye digrii 30 huharibika kwa mwendo wa chini ya sehemu moja ya kumi ya ile iliyo kwenye 65. Kile kile kitakachokufa paani ndani ya miaka miwili kinaweza kuzeeka vizuri ndani kwa bibi. Pia hakuna mtu atakayegombana nawe kuhusu sura ya paa katika Mji wa Kale, ambao umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001.

Nikiona inauzwa, niulize nini?

Ndani mna majimaji, jeli au kitu kigumu. Ukingo ni plastiki au kioo. Ilipimwa kwa digrii ngapi, saa ngapi, penye mwanga au gizani, na kama unyevu ulikuwepo. Muuzaji akikujibu kwa kukutajia ufanisi tu, shukuru, nenda zako.

Imevuja. Nifanye nini?

Doa la kahawia ni iodini, halitoki kwenye kanzu, nimeshajaribu. Viyeyushi vya ndani ni vibaya kuvuta, na asetonitrili huwaka moto haraka, basi usiilete jikoni wala karibu na jiko la mkaa. Vaa glavu, fungua madirisha, ifunge kwenye mfuko wa plastiki mzito na mwingine juu yake, usiitupe baharini. Kuikalafati kwa gundi ya dukani haisaidii; hewa imeshaingia. Niletee dukani kama unapita, vioo vyake bado vinapitisha umeme na yule kijana anavitafuta.